Mganga wa Bwawa la Klabu

Alikuwa akinusa maji kabla ya kusalimia watu. Ukimkuta asubuhi kwenye uzio wa klabu ya Wazungu, pale mgodini kwetu upande wa Geita, ungemwona ameinama ukingoni mwa bwawa la kuogelea, pua inakaribia kugusa maji, macho ameyafumba kama mtu anayesali. Hapo ungemwamkia mpaka koo likukauke. Angemaliza kunusa, achovye kidole, akisugue kwenye kidole gumba, atikise kichwa, ndipo akugeukie: "Ndiyo, mama. Leo yameamka vizuri."

Maji ndiyo yaliyoamka vizuri. Wewe uliyeamka na mtoto mwenye homa mgongoni, hukuulizwa.

Sisi wa laini, yaani nyumba za wafanyakazi zilizopangwa chini ya kilima kama meno ya kitana, tulimwita Mzee wa Bwawa. Jina lake alikuwa nalo na ninalijua, lakini mwenyewe alilidharau. "Majina kila mtu anayo," alikuwa akisema. "Bwawa ninalo mimi." Bwawa hakuwa nalo. Hakuruhusiwa kutia hata unyayo mle ndani isipokuwa ana brashi mkononi, na Wazungu wakija kuogelea alitakiwa ajifiche nyuma ya kibanda cha mashine. Nilimkumbusha hilo mara nyingi, maana mimi si mtu wa kunyamaza. Na ndiyo sababu namwandika sasa, kabla hasira haijapoa. Hasira ikipoa watu huanza kuandika uongo wa heshima.

Adui yake alikuwa ukoga. Ule utelezi wa kijani unaoota ndani ya mtungi, kwenye jiwe la kisimani, kwenye maji yoyote yaliyosimama na kupigwa na jua. Watu wengine huuona wakausugua, basi. Yeye aliufanyia elimu. Alisema upo wa aina tatu. Wa kijani unaoelea ni mgeni: amekuja jana, ukimkazia macho anaondoka. Wa njano, unaokaa kwenye ukuta wa kivulini kama vumbi la mahindi, ni mpangaji: ukimfagia anapaa kama moshi, jioni karudi, na vyombo vyake kaleta. Mweusi, ule wa madoa madoa kwenye sementi, ni mwenye nyumba. "Huyo ana mizizi," alisema, na sauti aliishusha kama anayetaja mchawi. "Huyo humfukuzi. Unampiga kwa brashi ya waya mpaka damu itoke, halafu unampaka dawa kidondani."

"Damu ya nani?" nikamuuliza siku moja, nikiwa nje ya uzio.

"Yangu," akanionyesha vidole. Kweli vilikuwa vimechubuka vyote. Hapo nilitaka kumhurumia. Kisha akaongeza, "Mikono ya mganga, mwanangu. Mikono ya bibi yako Msukuma ina kinyesi cha ng'ombe tu." Huruma ikaisha.

Hapa inabidi nieleze, nisije nikamsingizia. Yeye alikuwa Mzaramo wa pwani, mimi Msukuma wa Shinyanga. Tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, watu wake na watu wangu ni watani. Mtani anakutukana mchana kweupe, mbele ya mkwe wako, na wewe hukasiriki; ukikasirika umeshindwa. Anakunyang'anya kofia, anakwambia ukoo wenu wote walizaliwa zizini, nawe unamjibu kwamba kwao huuza minazi yote ili wapate kucheza ngoma. Mnacheka. Na siku mmoja wenu akifa, mtani ndiye anayekuja kushika jembe, kuchimba kaburi na kufanya vituko ili wafiwa wapumue. Ni jambo zuri. Nimelelewa nalo. Lakini lina hila moja ambayo hakuna aliyenifundisha nyumbani wala kule shuleni Tabora: ukiwa na hasira ya kweli juu ya mtani wako, huna mlango wa kuitolea. Kila unachosema kinakuwa mzaha.

Nami nilikuwa na hasira ya kweli juu yake karibu kila siku.

Chukua kisa cha nywele za mke wa meneja. Dawa aliyoiamini Mzee kuliko zote ilikuwa mrututu, zile chembe za bluu kama vipande vya mbingu, ambazo nyumbani kwetu huwekwa kwenye kidonda cha ng'ombe, na ng'ombe huzuiwa asijilambe. Alizitia ndani ya gunia dogo, akalifunga kamba, akalikokota majini akizunguka bwawa zima kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani. Kupima hakupima. "Dawa huongezwa, haipunguzwi," alisema. "Umewahi kuona mgonjwa amekufa kwa kupona sana?" Basi msimu mmoja alizunguka na mbuzi wake wa bluu mpaka akaridhika kabisa, na yule mama wa Kizungu, mwenye nywele za rangi ya mabua ya mpunga, akaingia kuogelea akiwa mweupe kichwani na akatoka kijani. Siyo kijani cha kusingiziwa. Kijani cha kasuku.

Meneja akamwita, akang'aka. Mzee alisimama wima, kofia mkononi, akamweleza kwa Kiswahili chake cha pwani kinachoteleza: "Bwana mkubwa, usihuzunike. Ukoga umehama. Nimeufukuza majini, ukakosa pa kwenda, umepanda kichwani kwa memsahib. Dalili kwamba dawa imefanya kazi."

Hakufukuzwa. Nasikia meneja alicheka. Mzungu alipocheka, kosa likawa si kosa, likawa hadithi, na Mzee akaihadithia mwenyewe laini nzima kama ushindi.

Alikuwa na sahani. Sahani ya udongo mweupe, imepasuka ukingoni, katikati ina ua la waridi jekundu. Aliitoboa, akaifunga kamba, akawa anaizamisha upande wenye kina. Ukiliona waridi kule chini kwenye sakafu, maji ni mazima. Usipoliona, maji ni mgonjwa. Alikuwa na kisigino pia: alivua kiatu, akakipitisha kisigino kwenye ukuta ndani ya maji, taratibu, akisikiliza. "Jicho huona ukoga ukishaota. Kisigino huusikia ukiwa bado unawaza." Hili, nakiri, lilikuwa kweli. Nilimwona akitabiri kijani wakati bwawa bado linang'aa kama kioo, na baada ya joto kidogo, kijani hicho hapo.

Lakini mtu huyo huyo, mganga wa maji, kuogelea hakujua. Mzaramo, mtoto wa pwani! Akiingia kusugua kuta alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye ngazi ya chuma, na maji yakimfika kifuani alianza kusoma dua kwa sauti. Na nyumbani kwake, nyumba ya mwisho kwenye laini yetu, mtungi wake wa kunywea ulikuwa na ukoga ndani mnene kama blanketi. Nilichungulia mwenyewe.

"Mzee, mbona huyu humtibu?"

"Huyo anapoza maji."

"Ni mgeni, ni mpangaji, au ni mwenye nyumba?"

"Huyo," akasema, akajichotea kikombe, "ni mke mdogo. Usimseme."

Hapa ndipo mzaha unapoanza kunichachia mdomoni, maana kama angekuwa anakunywa ukoga peke yake ningemwacha na mke wake mdogo. Lakini sote tulikunywa. Maji ya laini yalitoka kwenye tangi la sementi, wazi juu, lililojazwa na pampu kutoka lamboni. Kiangazi kile, lambo lilipungua na tangi likageuka rangi. Kwanza kama chai ya majani mabichi, kisha kama mlenda. Ukitumbukiza debe lilitoka na ndevu. Watoto wakaanza kuharisha. Kabula wangu, ndiyo kwanza ameanza kusimama dede, alirudi kukaa. Miguu ilikuwa kama njiti. Nilichemsha maji mpaka kuni zikaisha, na maji yaliyochemka yalinuka kama samaki aliyesahauliwa.

Na huko juu ya kilima, nyuma ya uzio, bwawa la familia chache za Kizungu lilikuwa linang'aa. Ungeweza kuona waridi.

Nikaenda. Kabula mgongoni, nikashika uzio kwa mikono miwili.

"Wewe Mzaramo! Umeshiba kuramba maji ya Wazungu? Shuka chini utazame tangi tunalonyweshwa, kama una macho!"

Akang'aa uso mzima. "Haya, watani hao! Umekula nini leo, mbona umeamka na makali?"

"Nasema kweli. Watoto wanakufa."

"Wasukuma hamfi, mnapungua tu. Ongeza, mwanangu, hilo halijauma."

Nikamwita kila jina ninalolijua, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Akapiga makofi. Akamwita na mtunza bustani aje asikie. Nikageuka, nikashuka kilima.

Basi nikawapa wanawake bombani sentensi moja: Mganga wa maji ya kutemwa, anaogopa maji ya kumezwa. Ikashika. Mama Masanja, jirani yangu, mwanamke wa Ushirombo mwenye kifua cha kuimba kanisani, aliitia sauti, na kila Mzee alipopita kwenda kazini ndoo ziligongwa na wimbo ukaanza. Hilo lilimuuma. Nilimwona akiharakisha. Utani wa mtu mmoja alikuwa anaumudu. Utani wa laini nzima uligusa uganga wake.

Jumamosi moja akashuka kilimani na gunia lake. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kama anayekwenda kuoa. Akatangaza kwamba mtu asichote mpaka kesho, watu wakirudi misani. Akatia shabu, ile ya kutulizia tope, kisha akazungusha mrututu ndani ya tangi, huku na huku, akisema dua. Mimi sikuwapo, nilikuwa zahanati na Kabula, kwenye foleni. Niliporudi nikaambiwa: "Mganga amekuja. Kesho utaufyata." Nikamshukuru Mungu, nikadhani ameyamwaga maji ya zamani, amelisugua tangi.

Jumapili wamejaa. Vitenge vya kanisani, madebe, vibuyu, watoto. Mzee juu ya ngazi ya tangi, sahani mkononi. Akaishusha kwa kamba taratibu, akangoja, akasogea pembeni ili watu wapande kutazama mmoja mmoja.

"Waridi!" akapiga kelele wa kwanza. "Naliona waridi!"

Vigelegele. Nikapanda na mimi. Kweli, waridi lilikuwa chini kabisa, jekundu, kila jani lake. Na maji kati yangu na lile ua yalikuwa ya bluu. Bluu hafifu, ya kupendeza. Nikaijua ile bluu. Shuleni ilikaa kwenye chupa yenye picha ya fuvu, na mwalimu wetu wa sayansi alitukataza hata kunawa karibu nayo.

"Mzee, umetia kiasi gani?"

"Kiasi cha bwawa. Ukoga ni ule ule, gunia ni lile lile."

"Bwawa zima? Kwenye tangi hili? Hili lingeingia mle bwawani likapotea! Na haya ni maji ya kumeza, Mzee, si ya kuogea. Maji maangavu na maji safi si ndugu! Hii ni sumu!"

Kisha Mzee akatupa kichwa nyuma akacheka, na watu wote wakacheka naye.

"Mmemsikia mtani wangu? Nisipotibu ananitukana, nikitibu ananitukana!"

"Usiwape hao watu maji, mpumbavu wewe!"

"Mpumbavu, eti!" Akachota kikombe kikubwa cha bati, akakiinua watu wakione, akanywa chote kwa mkupuo, akajifuta ndevu. "Haya. Mzaramo amekufa. Msukuma, lete jembe unizike!"

Wakashikana mbavu. Nikapiga kelele, "Msinywe! Msinywe!" na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kucheka, maana huo ndio utani wenyewe, unaofanywa vizuri. Na ng'ambo ya watu, upande ambao nisingefika bila kuwakanyaga wengine, nikamwona Mama Masanja, niliyemwachia mtoto nilipopanda, amempakata Kabula wangu, anachovya kikombe kwenye debe. Mtoto ana kiu. Mtoto ameona kikombe, amenyoosha mikono.

Nikashuka ngazi. Nikapiga magoti kwenye tope, magoti yote mawili, chini ya ngazi alipokuwa Mzee, kama tunavyofundishwa nyumbani kuwaamkia baba zetu. Nikainamisha kichwa. Na kwa sauti ya chini kabisa nikasema:

"Shikamoo, baba."

Sikuwahi kumwamkia hivyo hata siku moja. Mtani humwamkii kwa magoti. Kicheko kilikatika kama uzi. Nilisikia maji yakidondoka kwenye debe la mtu.

"Baba, nakuomba kwa heshima yako. Waambie wasinywe."

"Mama Kabula," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "inuka."

"Siinuki mpaka Mama Masanja amwage kikombe kile."

Mama Masanja akakimwaga. Kabula akaanza kulia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Mzee alitazama kikombe chake cha bati, kitupu. Akapitisha ulimi kwenye meno, taratibu, kama anavyopitisha kisigino ukutani. Uso ukabadilika. Akasema, "Yana ladha ya msumari," akashuka, akazunguka nyuma ya tangi, na tukamsikia wote. Alitapika kijani, waliomwona wanasema, kijani cha kasuku.

Watu wa mgodi walilifungua tangi, maji yakaenda kwenye mtaro. Mzee alilala zahanati. Alipotoka, bado anayumba, alijifunga kamba yake kiunoni, akashuka ndani ya tangi tupu kwa mchanga na brashi, akalisugua kutoka juu mpaka chini, bila gunia, bila sahani, bila neno. Vidole vikachubuka upya. Baada ya hapo akalisugua kila mara kabla halijawa kijani. Sitamnyima haki yake: Kabula alisimama dede tena kwa maji ya tangi lile.

Lakini sikilizeni walivyosimulia watu. "Mzee aliokolewa na shikamoo." Hakuna aliyesema kwamba Mama Kabula alijua. Mume wangu, fundi wa mashine, mtu mwenye akili zake, aliniambia nikiwa nasonga ugali, "Kumbe ungepiga magoti tangu mwanzo, yangekwisha mapema." Namshukuru Mungu kwamba ugali ulikuwa unanata na mwiko haukutoka sufuriani. Nimesoma. Nilisema kwa Kiswahili kilichonyooka, juu ya ngazi, watu wote wakinisikia, wakacheka. Nilipojishusha kwenye tope ndipo nikawa na maneno. Hilo sijalisamehe, na sina mpango.

Na Mzee? Alianza kuniheshimu, kitu kibaya kuliko vyote. "Hujambo, mama. Mtoto hajambo? Nyumbani salama?" Macho chini, kofia mkononi, kama anayezungumza na mke wa chifu. Sahani hakuizamisha tena. Na watu walipomuuliza kulikoni, aliwajibu kwa sauti ya kiganga, akinyoosha kidole: "Maji maangavu na maji safi si ndugu." Msemo huo ni wangu. Aliuiba mbele ya macho yangu, na kwa kuwa tulikuwa tumeacha kutukanana, sikuwa na njia ya kumdai.

Juzi nilikwenda Nkome kununua dagaa. Kabula alikuwa nami. Sasa anatembea mbele yangu na kuuliza maswali. Kule ziwani, mitumbwi imelazwa ubavu kwenye mchanga, nikaona mzee ameegemea mmoja, kiatu amekivua, anapitisha kisigino kwenye ubao wa chini, anasikiliza. Mgodi walikuwa wamemwachisha kazi alipozeeka. Sasa anawakwangulia wavuvi ukoga kwenye mitumbwi.

Akaniona. Akavaa kiatu haraka, akavua kofia. Nywele zilizobaki zilikuwa nyeupe, na naapa, kwenye ncha zina ukijani.

"Hujambo, mama. Huyu ndiye Kabula? Nyumbani salama?"

"Salama."

Akageuzageuza kofia. "Nina ombi. Nitukane."

"Nini?"

"Nitukane, mwanangu. Tangu siku ile hujanitukana. Huku wote ni Wazinza, wananiita babu, wananipa kiti. Hakuna anayenitukana." Akatazama mitumbwi. "Nikifa huku, nani atakuja kushika jembe? Mtu asiye na mtani anazikwa kama mbwa, kimya kimya."

Nikamtazama. Nilisimama vizuri, magoti nimeyanyoosha.

"Wewe ni mjinga, Mzee," nikasema. "Mjinga mwenye sifa. Ungemuua mwanangu kwa ajili ya ua la kwenye sahani. Masikio yako yana ukoga mweusi, wenye mizizi, mwanamke akisema wima neno halipiti mpaka ajitupe topeni. Na ule msemo ni wangu. Mwizi."

Alianza kutikisika mabega. Akashika ubavu wa mtumbwi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajipiga paja, akaita wavuvi: "Mnasikia? Mnamsikia Msukuma huyu? Hilo limeuma! Lete jingine!"

Nilikuwa nimemaanisha kila neno.

Nikamshika Kabula mkono tukaondoka, na kicheko kikatufuata mpaka kwenye vichanja vya dagaa.

"Mama, yule babu ni nani wetu?"

"Mtani wetu. Akifa, sisi ndio tutakaomzika."

Kabula akageuka, akamtazama kwa muda mrefu, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayempima.